Nusu Yenye Ngozi

Jiwe lenye jani ndani halilii kama jiwe tupu. Jiwe tupu ukiligonga kwa patasi linajibu kavu, kwa kero, kama mtu aliyekatishwa usingizi. Lenye jani linajibu chini, sauti ya mtu mwenye kitu mdomoni. Nimepasua mawe miaka ishirini na sita, sikio langu linajua. Ndiyo maana yule msichana alipobisha mlangoni kwangu kwa kidole kimoja, mara tatu, taratibu, nilijua kabla sijafungua kwamba huyu amekuja na kitu ndani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama ni sensa, nimeshahesabiwa. Niko mmoja."

"Siyo sensa. Natoka makumbusho."

"Basi umekosea nyumba."

Nikaanza kufunga mlango. Hakuuzuia kwa mguu kama wanavyofanya wauza sabuni. Alitoa karatasi kwenye mkoba, akaiinua usawa wa macho yangu. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa rejista ya ghala. Mistari ya mkono, wino wa bluu, na kila herufi "k" imekunja mkia juu kama nge. *Mume, droo ya juu. Mke, droo ya chini.* Ukurasa mzima, mume na mke, mume na mke.

Miaka tisa sikuwa nimeuona ule mkia wa nge nje ya nyumba hii.

"Waume nimewaona wote," akasema. "Wako ukumbini, kwenye vioo. Wake hakuna hata mmoja. Ofisini wameniambia walipotea kwenye mafuriko."

"Mafuriko!" Nilicheka mpaka nikashika mlango. "Ghala liko juu ya kilima, mwanangu. Hayo maji yalipanda ngazi au yalikuja na gari ya ofisi?"

Nikampisha aingie. Mpaka leo sijui kama nilimpisha yeye au ile karatasi.

Nieleze kwanza habari ya mume na mke, maana wasomi wana majina yao na sisi tulikuwa na yetu. Nyuma ya makumbusho lilikuwapo bonde la udongo ulioganda, tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama kurasa. Zamani hizo ambazo hata kuzitaja ni kazi, mamilioni ya miaka, pale palikuwa ziwa, na kandokando msitu. Majani yalidondoka, yakazama, yakafunikwa tope, tope likawa jiwe. Kazi yangu ilikuwa kulipasua jiwe katikati, pale pale jani lilipolala. Likipasuka vizuri unapata nusu mbili. Moja ina alama safi, kila mshipa umechoreka, ukiiona unapiga mluzi. Nyingine ina jani lenyewe, yaani ngozi yake: utando mweusi, mbovumbovu, kama karatasi iliyoungua. Nusu ya kwanza tuliiita mume, ya pili mke.

Aliyebuni majina hayo ni mke wangu. Wapasuaji walimuuliza kwa nini iwe hivyo na siyo kinyume chake. Akasema, "Mume ndiye anayependeza na hana kitu. Mwenye kitu ni yule mwingine." Wakacheka, mimi nikacheka nao, na jioni nikamuuliza kama alikuwa ananisema mimi. "Wewe hata kupendeza hupendezi," akanijibu, akanipa chakula changu.

Mimi nilipasua, yeye alisafisha. Alikaa kwenye chumba cha ndani chenye dirisha moja, na sindano, na brashi, na kimashine cha upepo kinachochimba kama cha daktari wa meno, akiondoa udongo chembe kwa chembe. Profesa mzee aliyeanzisha ile kazi alimwona jinsi mkono wake ulivyotulia, akamfundisha hadubini. Mwanamke wa shule ya msingi! Akamfundisha kwamba jani lina matundu ya kupumulia, madogo hata jicho haliyaoni, na kwamba hewa ikijaa kaboni jani halihitaji matundu mengi, na kaboni ikipungua linajitoboa zaidi. Kwa hiyo ukihesabu matundu unajua ile miti ilivuta hewa ya namna gani. Unaisoma hewa ambayo hakuna mtu aliyeivuta.

Aliporudi nyumbani alinieleza mimi, akichora mezani kwa kidole kilicholowa maji. Tabaka za chini, majani makubwa, ukingo laini, ncha ndefu ya kuchuruzisha mvua, matundu machache: dunia ya joto, hewa nzito. Tabaka za kati, majani yanapungua ukubwa. Tabaka za juu, madogo, magumu, ukingo una meno kama msumeno, matundu tele: baridi imeingia, mvua imekwenda. Na juu kabisa hakuna jani, udongo mtupu.

"Msitu ulihama?" nikamuuliza.

"Utahamaje na miguu hauna? Ulikufa palepale, taratibu. Ilichukua miaka mingi kuliko tangu watu waanze kujenga nyumba." Akafuta meza kwa kiganja. "Sasa sisi tunairudisha ile hewa nzito, kwa moshi wetu, na hatuyapi majani hata muda wa kubadili meno."

Alikuwa na kanuni moja ambayo nadhani ilimzidi hata profesa. Hakuna namba iliyoingia kwa wino daftarini mwake kabla haijahesabiwa mara mbili. Nikipita nje ya dirisha nilimsikia akijiamrisha mwenyewe mle ndani, "Rudia." Kimya. Kisha kalamu. Mara nyingi aliniita nije nichungulie. Nilimwambia macho yangu ni ya kupasulia mawe, niachie. Nikajiambia siku moja, mara moja tu, nitachungulia. Sikuwahi.

Profesa alipostaafu ndipo tukaletewa mkurugenzi mpya. Wiki ya kwanza aliagiza mashine ya kupoza ofisi yake, ya pili ya kupoza chumba cha wageni wake, na sisi wa nyuma tukambatiza Kiyoyozi. Wiki hiyohiyo feni ya kuvuta vumbi kwenye chumba cha mke wangu iliungua. Aliandika barua. Jibu: ombi lako linashughulikiwa. Akaandika ya pili. Linashughulikiwa. Ya tatu aliniomba niipeleke mwenyewe kwa mkono. Nilisimama mbele ya ile meza huku ubaridi ukinipanda miguuni kama maji, Kiyoyozi akaisoma, akasema, "Mwambie afungue dirisha."

Alifungua dirisha miaka mitatu. Vumbi la mawe halitoki kwa dirisha, linamwingia mtu. Daktari alituonyesha picha ya kifua, akapita na kalamu kwenye weupe uliotapakaa humo, na mimi nikaona tabaka. Sikusema. Nadhani naye aliziona.

Ndipo akawa mtu wa nyumbani, na mimi nikabaki kazini. Dawa zake na mtungi wake wa hewa vilitoka kwa kadi ya matibabu ya kazi, na kadi ile baada ya yeye kuachishwa ilikuwa kwa jina langu. Naomba hilo likumbukwe. Silisemi kujisafisha. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Aliacha kazi imebaki kidogo. Tabaka za chini alizimaliza, za kati alizimaliza, za juu alikuwa ameanza. "Nikipata nafuu namalizia wale wa juu," alisema kila asubuhi akinifungia kitambaa changu cha chakula. "Wasiguswe. Ngozi zao nyepesi, hata pumzi inazibandua."

Mwezi ule Kiyoyozi alikuja ghalani, mara yake ya kwanza, kitambaa puani. Walitaka ukumbi wa maonyesho, taa, vioo, wafadhili. Na maegesho ya magari ya hao wafadhili. Akafungua droo ya juu, akaona mume, akapiga mluzi. Akafungua ya chini.

"Hii si kitu kilekile?"

"Ni jiwe lilelile, bosi, ila hii ndiyo yenye ngozi. Mke wangu huwa anahesabu..."

"Vya aina moja vikiwa viwili, bakisha kilicho bora. Hivi vichafu peleka kwenye shimo la maegesho, wanahitaji kifusi."

"Bosi, hivyo vichafu ndivyo..."

"Wewe umesomea mawe?"

"Hapana."

"Mgonjwa hajambo nyumbani? Dawa anapata?"

Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliuliza kwa upole, kama jirani. Nikajibu, "Anapata, bosi." Akanipiga begani, akaondoka kurudi kwenye ubaridi wake.

Siku kumi na moja nilisukuma toroli. Wapasuaji wengine waliomba wasiguse, wakasema ni mkono wa mama ule, mimi nikasema nipeni. Nilitaka angalau washushwe na mtu anayejua ni nini. Ujinga gani huo! Lakini ndivyo nilivyojiambia. Niliwapanga shimoni mmoja mmoja, uso chini, na mwenye katapila akaniuliza kama nazika au namwaga. Kisha akapita juu yao. Msitu mzima, joto lake na baridi yake. Ulikaa chini ya ziwa ukasubiri mamilioni ya miaka, ukapata mtu wa kuusoma, ukafia shimoni kwa amri ya nusu dakika. Siku ya kumi na moja, toroli la mwisho, niliona nukta nyeupe ya rangi kwenye jiwe moja. Ni alama aliyoiweka mke wangu mahali alipoanzia kuhesabu, asipotee. Jiwe la 417, aliloliacha mezani siku aliyoanguka. Nililitia ndani ya shati.

Nyumbani aliniuliza.

"Wale wa juu wapo?"

"Wapo."

"Umewafunika?"

"Nimewafunika vizuri."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa... turubai."

"Turubai zito. Weka gazeti kwanza."

"Nitaweka gazeti."

Aliishi miezi saba baada ya hapo na kila jioni aliwauliza kama mtu anavyoulizia mifugo, na mimi kila jioni niliwapa gazeti, niliwapangusa, niliwaondolea nyuki kwenye droo. Nilizidi ustadi. Ikafika mahali nikawa naziona droo zenyewe. Jiwe la 417 lilikuwa chini ya kitanda alicholalia, shibiri tatu kutoka mgongoni kwake, na sikuweza kumpa, maana angeuliza limefikaje hapo, na mwenzake yuko wapi, na wengine je.

Mazishini Kiyoyozi alikuja. Alisoma kwenye karatasi kwamba taasisi imempoteza mhudumu hodari wa usafi. Wa usafi! Watu wakadhani alipiga deki. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo, yuko juu huko sasa, anasafiri kwenda kwenye mikutano ya mabadiliko ya tabianchi na kuhutubia. Mpasuaji mmoja wa zamani aliniambia alimwona kwenye televisheni akisema tuwasikilize wataalamu wetu. Nilizima ya kwangu kabla sijaiwasha.

Basi. Tumrudie msichana. Alikaa kwenye kiti cha mke wangu bila kujua, na sikumwambia. Nilikwenda chumbani, nikapiga magoti, nikatoa jiwe likiwa ndani ya kitambaa chake cha kichwani, na daftari lake. Niliviweka mezani. Msichana hakugusa. Aliweka mikono yake chini ya mapaja kama mtoto aliyekanywa dukani.

"Hili ni moja," akasema polepole.

"Ni moja."

Akafungua daftari. Miaka kumi na miwili ya vijistari, vitano vitano, tabaka kwa tabaka. Alisoma mpaka chai niliyompa ikapoa na kufunga utando juu.

"Baba, nikuambie ukweli?"

"Ukweli wa ofisini au wa kwako?"

"Wangu. Hakuna mahali pengine nilipoona tabaka zote zimehesabiwa hivi, kutoka joto mpaka baridi bila kuruka. Tungejua ile hewa ilibadilika kwa kasi gani, na miti ilistahimili mpaka wapi. Lakini daftari peke yake hawatalikubali. Wataniuliza aliyehesabu alisomea wapi."

"Shule ya msingi. Alikuwa wa tatu."

Hakutabasamu. "Jiwe hili likikubaliana na daftari, daftari zima linasimama. Ninaweza kulitetea."

"Na lisipokubaliana?"

Alinitazama. Kijana, lakini hakukwepesha macho. "Basi nitakuambia, na nitalifunga."

Mnielewe. Kila kitu nilikuwa nimeshakipoteza, hii ndiyo ilikuwa imebaki: kwamba yule mwanamke hakuvuta lile vumbi bure. Nilikuwa nimeishi miaka tisa bila kuuliza. Ningeweza kusema toka, na ningebaki na jibu nililolipenda. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitambaa. Nikamsikia mke wangu mle dirishani, akijiamrisha.

"Hesabu," nikamwambia.

Alitoa hadubini ndogo isiyozidi tochi, akaiunganisha na kompyuta, akaweka kitaa cha rangi ya zambarau juu ya ile nukta nyeupe. Mimi nikageuza kiti changu nikaelekea ukutani. Nilishika daftari, yeye alihesabu. Kioo kiliigawa ngozi ya jani miraba midogo, kuanzia penye nukta. Kila mraba alihesabu mara moja, akahesabu tena, kisha akataja, na mimi nikasoma kilichoandikwa.

"Wa kwanza, kumi na tisa."

"Kumi na tisa."

"Wa pili, kumi na nane."

"Kumi na nane."

Wa tatu, wa nne, wa tano. Nje wauza maji walipita, wakapita tena. Wa nane. Jasho lilinitoka kama napasua.

"Wa tisa, kumi na sita."

Nikatazama daftari. Kumi na nne, imeandikwa kwa penseli. Nikasogeza daftari mwangani. Ile kumi na nne ilikuwa imekatwa kwa mstari mwembamba, na pembeni, herufi ndogo, mkia wa nge: *nimekohoa. Rudia.* Na chini yake, kwa wino, kumi na sita.

"Kumi na sita," nikasema.

Wa kumi ukakubali. Wa kumi na moja ukakubali. Wa kumi na mbili ulikuwa na namba ya mraba, na mbele yake hakuna kitu.

Msichana alizima taa, akakaa. Kisha akauliza lile swali nililolijua tangu kidole chake kilipogusa mlango.

"Na wale wengine, baba? Siyo mafuriko."

"Wako chini ya magari. Maegesho ya wageni, upande wa kushoto ukiingia. Umeegesha hapo?"

Akainamisha kichwa. Alikuwa ameegesha hapo.

"Aliyetoa amri ni mkurugenzi wa wakati ule. Andika. Cheo chake cha sasa pia kiandike, kwa herufi kubwa."

"Nitaandika. Watataka karatasi, ushahidi, watabisha, lakini nitaandika." Akafungua kalamu. "Na aliyewapeleka?"

Miaka tisa nilikuwa na jibu la swali hilo, refu, lenye feni na barua tatu na kadi ya matibabu, na yote ndani yake ni kweli. Nilifungua mdomo nilitoe. Kiti cha mke wangu kikalia kidogo, msichana alikuwa amesogea.

"Mimi," nikasema. "Toroli nilisukuma mimi. Siku kumi na moja. Na nilijua nilichobeba."

Hakusema pole, na nilimshukuru. Aliandika. Kalamu ikakwaruza, ikanyamaza. Kisha akawasha tena kile kitaa cha zambarau, akakizungusha kioo cha kompyuta kikanielekea.

"Wa kumi na mbili hauna namba. Mimi nitahesabu baada yako. Lazima wawe watu wawili, au mtu mmoja mara mbili."

"Macho yangu ni ya kupasulia mawe."

"Utaweza."

Niligeuza kiti. Sijui nilitegemea nini. Ilikuwa ngozi, imetanda kama ngozi ya mkono wa mtu inayotazamwa juani, na ndani yake vinywa vidogo vidogo, vyembamba, vimeachama kidogo tu, kama vya watu waliolala. Nilikaribia mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo. Nikajifuta, nikaufuta na ukungu. Nikaweka kidole kwenye cha kwanza, nikahesabu kwa sauti, taratibu, mpaka mwisho wa mraba.

"Kumi na saba."

Msichana alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari. Hakuandika.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.